Injini Iliyochoka Kila Iliposhiba

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumanne, injini ya boti ya Mzee Ndunguru ilipoanza kuishiwa nguvu kati ya Liuli na Mbaha, Ziwa Nyasa. Najua dakika yenyewe kwa sababu nilikuwa nimekaa juu ya gunia la mahindi, saa mkononi, daftari magotini, nikiisubiri ichoke. Tulikuwa tumeondoka Liuli saa mbili na dakika tano. Kwa hiyo ilikuwa imefanya kazi saa moja na dakika saba. Niliandika hivyo, nikainua macho, nikakuta abiria kumi na wanane wananitazama kama mtu aliyefika msibani akaanza kupima jeneza kwa futi.

Ninyi mnaoshika spana leo huniuliza swali moja kila mnaponikuta: injini ya boti ikipoteza nguvu, fundi aanzie wapi? Mimi nimeacha kazi sasa. Sikio langu la kulia limebaki na mlio wa dizeli hata ninapokuwa kanisani. Lakini swali hilo bado nalipenda, na kwa kulijibu nitawasimulia kosa langu kubwa kuliko yote, maana kazi nilizofanya vizuri hazina simulizi.

Mzee Ndunguru alikuwa mkulima wa kahawa wa Matiri, huko juu milimani Mbinga. Miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi walipoanza kupanda na magari yao kununua kahawa kwa fedha taslimu, wenzake walinunua mabati na baiskeli. Yeye alikusanya mapato ya misimu mitatu, akateremka ziwani, akanunua boti ya mbao yenye injini ya dizeli ya silinda mbili. Mkewe hakutaka hata kuisikia.

"Wewe hata kuogelea hujui," alimwambia.

"Sinunui boti ili niogelee," Mzee alimjibu.

Kule Matiri watu walisema kahawa ya Ndunguru imekwenda kuliwa na samaki. Na wiki ile ninayowasimulia ilikuwa inaliwa kweli. Injini ilikuwa imemchokea njiani mara nne, na wafanyabiashara wa usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa, walikuwa wameanza kuhamia boti za watu wengine. Ijumaa mnunuzi kutoka Songea alikuwa aje kuichukua injini kwa bei ya chuma chakavu, kwa sababu fundi aliyeaminika alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba imekwisha. Fundi huyo ni mimi.

Ufundi sikuusomea darasani. Nilipomaliza darasa la saba nilipata kibarua cha kufagia katika karakana moja ya umma, nikafagia polepole kila mahali palipokuwa na injini iliyofunguliwa. Aliyenigundua ni Fundi Mapunda, mtu mfupi, mtaratibu mpaka aliudhi. Injini ikiletwa, nusu saa ya kwanza hakugusa chombo chochote. Aliagiza chai, akakaa na mwenye injini, akamhoji: ilianza lini, ilikuwa imebeba nini, ilikuwa baridi au imeshapata moto, na mtu wa mwisho kuigusa alikuwa nani. Swali hilo la mwisho ndilo alilolipenda. "Magonjwa mengi ya injini," alikuwa akisema, "yana jina la ubatizo."

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma moshi. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, au mzigo umezidi. Wa bluu, injini inakula oili. Mweupe unaokaa hata injini ikishapata moto, tafuta maji, au dizeli isiyoungua. Halafu kuna hali ambayo vijana wengi huipita: injini inashuka nguvu na moshi wake hautoi rangi yoyote, umekuwa kidogo tu. Hiyo ina njaa. Haipati mafuta ya kutosha. Alinifundisha hayo kabla sijaota ndevu, na nilipoyahitaji sana sikuyatumia.

Karakana ilipofungwa katika yale mabadiliko ya soko huria, tulipewa mkono wa kwaheri na ruhusa ya kununua zana za zamani. Nilinunua sanduku la spana na kitabu cha Kiingereza cha matrekta ambacho hakuna aliyekitaka. Nilikisoma kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, kwa muda wa miaka mitatu. Mpaka leo siwezi kuomba maji ya kunywa kwa Kiingereza, lakini nikipewa pampu ya nozeli naweza kueleza kasoro yake mpaka Mwingereza achoke.

Kitabu kilinisaidia na kiliniharibu. Wiki yangu ya kwanza baada ya kuhamia Liuli niliitwa kwenye boti iliyopoteza nguvu. Kitabu kilikuwa na sura nzima juu ya valvu zisizofunga vizuri, na mimi nilikuwa nimeisoma majuzi tu. Nikafungua kichwa cha injini, nikasaga valvu siku mbili, nikarudisha kila kitu. Boti ikaenda vilevile, kama inavuta mlima. Nahodha wake, Danstan, Mnyasa wa palepale, akasema anakwenda kuoga. Akazama chini ya boti, akaibuka na fundo la wavu lililokuwa limejizungusha kwenye propela, nene kama mtungi.

"Fundi," alisema, maji yakimchuruzika, "valvu nyingine hii hapa. Uisage nayo?"

Fundo lile alilitundika mlangoni kwake mwaka mzima, na kila nilipopita aliniamkia, "Shikamoo, Bwana Valvu." Nami nilijifunza kuitikia marahaba. Tangu siku hiyo kabla sijafungua hata nati moja natazama kwanza injini inasukuma nini: propela, majani yaliyoota chini ya boti, maji yaliyojaa chini ya mbao za kukanyagia, magunia yaliyoongezwa bila fundi kuambiwa. Danstan huyohuyo ndiye ambaye Mzee Ndunguru alikuja kumwajiri awe nahodha wake, kwa hiyo mnaweza kukisia nilivyojisikia kuifanyia kazi boti ile mbele ya macho yake.

Sasa niwaeleze tulivyofika kwenye ile Jumanne.

Dizeli yetu wakati huo iliteremka kutoka Mbinga kwa mapipa, juu ya malori, kwenye barabara ambayo masika dereva aliishuka akisali. Pipa lililala ufukweni likinyeshewa. Maji yaliingia. Na soko huria lilileta mengine: dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, na vipuri. Zamani ulisubiri kipuri miezi sita na hakikuja. Sasa vilikuja vingi, katika maboksi mazuri, na ringi ya pistoni uliyoitoa kwenye boksi uliweza kuikunja kwa vidole. Dizeli ya mashaka tuliipima kwa kudondosha tone kwenye karatasi na kulitazama linavyokauka. Maji tuliyapima kwa kuiacha dizeli kwenye chupa nyeupe usiku kucha, asubuhi unayaona yamelala chini peke yake. Mpaka leo sijaona kipimo kinachoshinda chupa.

Kwa hiyo Mzee Ndunguru aliponiuliza mwenye boti aogope nini, sikusita. Nilimwambia hivi, na maneno nayakumbuka moja moja: "Mzee, adui yako ni maji. Tangi lako liko chini ya kiti cha nyuma, na upepo wa mwera ukivuma mawimbi yanalifikia. Lizibe vizuri, maji yasipate pa kupita."

Alinisikiliza kama mwanafunzi. Wiki iliyofuata akanishika mkono, akanipeleka kwenye boti, akainua ubao wa kiti. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimefunikwa chote kwa nta ya nyuki, juu na pembeni, imelainishwa kwa kidole gumba mpaka inang'aa kama mshumaa wa Pasaka.

"Hivi ndivyo sisi kule milimani tunavyoziba vibuyu vya mbegu ya maharage," alisema. "Maji hayaingii, hewa haiingii, mdudu akibaki ndani anakufa mwenyewe. Mbegu inalala salama mpaka msimu ujao."

Nikatazama, nikapita kidole. Nikapiga kofi juu ya kifuniko. "Mzee," nikasema, "hii ni kazi safi."

Akamwachia Danstan donge la nta na amri: kila baada ya kujaza dizeli, nta irudishwe, na isiguswe boti ikiwa majini. Danstan akatii.

Baada ya hapo malalamiko yakaanza. Mara ya kwanza injini ilichoka ikitoka Liuli; nikabadilisha filta ya dizeli, nikatoa upepo, yaani hewa iliyokwama kwenye bomba, ikanguruma. Mara ya pili nikasafisha nozeli, nikatoa upepo, ikanguruma. Mara ya tatu nikabadilisha mpira wa dizeli niliodhani umelainika kwa ndani, nikatoa upepo, ikanguruma tena. Angalieni hatari iliyokuwapo hapo. Kila dawa niliyoitoa ilifanya kazi, na mgonjwa alirudi wiki iliyofuata na ugonjwa uleule. Laiti moja ingeshindwa palepale ningeamka mapema zaidi.

Watu wawili waliniambia ukweli na sikuwasikia. Wa kwanza alikuwa Danstan.

"Injini hii ina tabia ya shemeji yangu," alisema siku moja. "Ikishiba inalala. Tukiipa nusu tangi inakwenda Mbaha na kurudi bila kelele. Tukiijaza mpaka shingoni, saa moja tu, imelala."

"Basi shemeji yako mpe jembe," nikamjibu, tukacheka. Katika daftari langu, ambamo niliandika mpaka rangi ya oili, neno hilo sikuliandika. Nilidhani ni mzaha kwa sababu lilisemwa kwa mzaha.

Wa pili alikuwa Mama Hilda, mfanyabiashara wa usipa, mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti, aliyekaa siku zote kwenye kiti cha nyuma, juu ya tangi, kwa kuwa pale moshi haukumfikia.

"Fundi, chini ya kiti hiki kuna kitu kinanipiga teke," alisema.

"Ni mbao zinalalamika, Mama Hilda," Danstan akamwambia.

"Mbao zikamlalamikie aliyezipigilia misumari. Mimi nimelipa nauli."

Mara ya nne injini ilipochoka, nilichoka na mimi. Nilikiendea kitabu. Kitabu kilisema ringi zilizolika hupoteza mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, na injini hukosa nguvu. Niliona moshi wa bluu kidogo asubuhi, jambo la kawaida kwa injini yenye umri ule, nikaridhika. Nikaandika kwamba injini imekwisha, na chini yake orodha ya vipuri: ringi, pistoni, gasketi, na nauli ya kuvifuata Dar es Salaam, maana vya karibu sikuviamini. Mzee Ndunguru aliisoma mara mbili akiwa amesimama. "Kahawa ya msimu mzima," alisema, akaikunja, akaitia mfukoni. Siku ya pili nikasikia amempelekea salamu mnunuzi wa Songea.

Hebu nisimame hapa niwaoneshe ujinga wangu, kwa kuwa ndio utakaowasaidia. Ringi zilizokwisha hazingoji saa moja. Injini ya namna hiyo ni dhaifu tangu asubuhi, tena baridi ndiyo huisumbua zaidi. Injini inayoanza na nguvu zote na kuzipoteza baada ya muda inakwambia kitu kingine kabisa: kuna kinachojaa polepole, au kinachopungua polepole, au kinachopata moto. Halafu ile hendeli ya kuwashia. Danstan, mwanamume mwenye mabega, alikuwa akiizungusha kwa kuguna kila asubuhi. Injini isiyo na mgandamizo huzunguka kirahisi, hata mtu dhaifu anaiweza. Kipimo kilikuwa mbele yangu kila siku, bure, kinaguna, nami nikawa natazama kitabu.

Kilichoniokoa ni Mzee mwenyewe. Jumatatu alinijia akasema, "Fundi, panda nayo safari moja uione kwa macho yako. Ukirudi na maneno yaleyale, Ijumaa naiuza, na mimi narudi Matiri nikachekwe vizuri."

Ndiyo maana Jumanne ile nilikuwa juu ya gunia. Asubuhi tulijaza tangi mpaka shingoni, Danstan akarudisha nta, tukaondoka. Safari hii niliamua kufanya kama Fundi Mapunda: sitagusa chombo, nitatazama tu.

Saa tatu na dakika kumi na mbili mlio ukaanza kushuka. Haukukatika wala haukugonga. Ulishuka kama mtu anayesinzia kwenye ibada. Nikatazama moshi: hauna rangi, kidogo. Nikamwambia Danstan apunguze mafuta, injini ikatulia. Nikamwambia aongeze, ikazama zaidi. Basi ilikuwa na njaa, mbele yangu, na tangi limejaa.

Mwera ulikuwa umeanza kuvuma na upande wa kulia tuliiona miamba ya ufukweni. Danstan aliigeuza pua ya boti itazame mawimbi, injini ikiunguruma kwa chini tu. "Fundi," alisema bila kugeuka, "leo usitafute valvu."

Nikachukua spana, nikalegeza ile skrubu ndogo ya kutolea upepo juu ya filta. Kwa kawaida dizeli hububujika hapo, yenye mapovu kwanza, halafu safi. Haikutoka hata tone. Kukawa na mluzi mwembamba, na papo hapo nyuma yangu Mama Hilda akaruka.

"Kimenipiga tena! Ko! Chini ya makalio yangu, nyote mmesikia."

Boti nzima ilicheka isipokuwa mimi, kwa sababu kidole changu kilikuwa juu ya tundu la skrubu na kilikuwa kinavutwa ndani. Nilikaza, nikangoja kidogo, nikalegeza. Mluzi. Hewa ilikuwa inaingia mahali ambapo dizeli ilipaswa kutoka, inakimbilia nyuma, kwenye tangi.

"Mama Hilda, samahani, simama," nikasema.

"Nisimame niende wapi, fundi? Nje ni maji."

Alisimama, akashikwa na wanawake wawili. Niliinua ubao. Tangi la bati lilikuwa limebonyea pande zote, mashavu yameingia ndani kama ya mtu anayevuta kiko kilichozimika. Nikatoa kisu.

"Mzee alisema nta isiguswe majini," Danstan akaonya.

"Kesi nitaibeba mimi."

Nikaikwangua nta katikati ya kifuniko. Chini yake palikuwa na tundu dogo, la kupitisha sindano, ambalo mtengenezaji wa tangi aliliweka kwa makusudi na ambalo nilikuwa nimelifahamu maisha yangu yote. Ncha ya kisu ilipolifikia, kifuniko kilipiga mluzi mrefu, tangi likalia ko kubwa kuliko zote, mashavu yakarudi mahali pake. Nikatoa upepo kwenye filta, safari hii dizeli ikabubujika mpaka kwenye kiwiko. Danstan akasukuma mkono wa mafuta taratibu, na injini ikapanda, ikapanda, mpaka pua ya boti ikainuka. Saa tatu na dakika thelathini na moja. Niliandika.

"Sasa nirudi kukaa, au mtoto hajamaliza kuzaliwa?" Mama Hilda akauliza.

Nitaeleza kwa namna ya kawaida. Dizeli ikitoka kwenye tangi, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Ukiizuia hewa, ndani kunabaki utupu, wale wa vitabu huuita ombwe, na pampu inavutana nao mpaka inashindwa. Mtoto akinyonya chupa ya soda bila kuachia midomo, soda inakoma kutoka hata kama chupa imejaa. Ni jambo hilohilo. Tangi likijazwa hadi shingoni, hewa iliyobaki juu ni kiganja tu, kwa hiyo lita chache zikitoka utupu unakuwa mkali. Tangi likiwa nusu, hewa ya juu ni nyingi, inanyumbuka siku nzima bila shida. Shemeji wa Danstan alikuwa na haki yake yote. Na kila mara nilipotoa upepo, kumbe niliuingiza: tangi lilipata pumzi kupitia skrubu yangu, injini ikapona kwa saa chache, nami nikajipongeza kwa filta mpya.

Tuliporudi Liuli alasiri, Mzee Ndunguru alikuwa amesimama ufukweni, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Imekufa?"

"Haijafa. Ilikuwa imezibwa pumzi."

"Na nani?"

Danstan akapata haja ya ghafla ya kukunja kamba. Nikasema, "Na sisi wawili. Wewe kwa mkono, mimi kwa mdomo."

Nilimwonesha tundu, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, bila kuficha kofi nililolipiga juu ya kifuniko. Alilichukua donge la nta, akaligeuzageuza.

"Lakini mbegu haijapata kufa kwa nta," alisema.

"Mbegu imelala, Mzee. Injini iko kazini."

Akalinusa lile donge. "Kwa hiyo," akasema, "mimi niliihifadhi injini yangu mpaka msimu ujao."

"Uliihifadhi vizuri sana."

Kicheko chake kilianzia tumboni na kilichukua muda kufika usoni, lakini kilipofika hakikutaka kuondoka. Alicheka mpaka akakaa mchangani.

Lakini bado kulikuwa na maji. Nikiacha tundu wazi pale chini ya kiti, wimbi la kwanza lingeingia, na onyo langu la mwanzo lilikuwa la kweli. Kurekebisha kosa kwa kuleta kosa la zamani si ufundi. Jumatano nilitafuta bandani kwangu nikakuta bomba la shaba la pampu ya kupulizia dawa ya kahawa, lake Mzee mwenyewe, aliloniletea nimtengenezee na nikalisahau. Nikalilehemu juu ya tangi, nikalipandisha mpaka ukingoni mwa boti, nikalikunja kama mpini wa mwavuli, mdomo ukitazama chini. Hewa inapanda na kugeuka, wimbi haliwezi. Tundu la kifuniko ndilo tukaliziba, kwa nta ya Mzee, na mara hii kazi ilikuwa safi kweli. Ninyi mkikuta tangi lolote, jambo la kwanza ulizeni linapumulia wapi, na mdomo wa bomba mkauguse kwa mkono, maana nyigu huupenda mdomo huo kujenga nyumba.

Alhamisi tulijaza tangi hadi shingoni tukaenda Mbaha na kurudi. Injini ilifanya kazi saa nne na dakika arobaini na mlio haukushuka hata mara moja. Mzee alikaa kwenye kiti cha nyuma, mkono juu ya lile bomba, akisikiliza. Tukashuka ufukweni. "Kumbe ziwa ni zuri," alisema.

Ijumaa mnunuzi wa Songea akafika na lori, spana zake na vijana wawili wa kubeba. Mzee alimkaribisha chai, akamwambia hauzi.

"Lakini Mzee, tulikubaliana," mnunuzi akasema. "Na habari ya karatasi ya fundi umeniletea mwenyewe kwa salamu. Inasema imekwisha."

"Fundi huyo simwamini," Mzee akasema, nami nimeshika kikombe pembeni yake.

Mnunuzi akanigeukia. "Wewe unamjua?"

"Namjua," nikajibu. "Mzee anasema kweli."

Aliondoka na lori tupu. Mzee Ndunguru akatoa ile orodha mfukoni, akanirudishia, nikapiga hesabu mbele yake. Vipuri na nauli ya Dar es Salaam ambavyo havikuhitajika, shilingi 386,400. Ukiondoa risasi ya kulehemu, shilingi 900, na nauli ya Mama Hilda ya kwenda na kurudi, shilingi 1,500, aliyoidai kama fidia ya mateke na Mzee akailipa bila kubisha, kilichookolewa ni shilingi 384,000.